Faharasa ya Foreksi Imeandikwa na Muuzaji

Leo sina habari za programu mpya wala za simu mpya. Nina dukuduku, na nisipolitoa litanipasua kifua.

Siku hizi kila mtu anayejua kwamba kazi yangu ni kuandika programu ana ombi moja: nimwandikie roboti ya foreksi. Ati mashine inunue na kuuza fedha za kigeni usiku yeye akiwa amelala, asubuhi aamke apate dola. Nikimuuliza kama anaielewa biashara yenyewe, ananijibu kwa fahari kwamba maneno yote ameshayamaliza. Anajua pipi, loti, spredi, leveraji, majini, swopu. Alipewa orodha na "mwalimu" wake wa WhatsApp, akaikariri kama sisi tulivyokariri methali za KCPE.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ushauri wenyewe unasikika wa busara: kabla ya kuweka pesa, jifunze msamiati. Nani atapinga elimu? Lakini faharasa hiyo imeandikwa na anayekuuzia. Kila neno ndani yake linaeleza mambo yanavyoonekana kutoka ndani ya kaunta, sio kutoka upande wako wewe uliyesimama nje na pesa mkononi. Unaweza kuikariri yote, ukapasi mtihani, na bado usijue ni nani anayekula nini. Tena ukishayajua maneno unajiona mtaalamu, na mtaalamu huweka pesa nyingi kuliko mshamba.

Msinielewe vibaya. Sisemi soko la fedha za kigeni ni uongo. Lipo, na ni kubwa kuliko soko lingine lolote duniani. Benki ya malipo ya kimataifa iliyoko Basel, Uswisi, hulihesabu kila baada ya miaka mitatu: Aprili 2022 walipata dola trilioni 7.5 kwa siku, Aprili 2025 trilioni 9.6. Humo mna mabenki makubwa, mifuko ya pensheni, makampuni yanayoagiza mafuta, na hata mkulima wa maua wa Naivasha anayelipwa kwa yuro na kulipa mishahara kwa shilingi. Hao wana haja ya kubadilisha pesa. Wewe na dola 300 kwenye simu hauko katika soko hilo. Uko katika duka la broka, ambamo bei zimenakiliwa kutoka sokoni na kubandikwa ukutani. Euro hununui na dola huuzi. Hakuna noti wala akaunti ya benki inayobadilika mahali popote. Unachofanya ni mkataba na broka kuhusu bei itapanda au itashuka. Faharasa zote nilizosoma zinaanza na "pipi ni nini". Sijaona hata moja inayoanza na hilo.

Haya, tuingie ndani.

Spredi unaijua tayari, ila hujaambiwa unaijua. Tangu 1995 Nairobi ina maduka ya kubadilisha fedha, na kila duka lina ubao: tunanunua dola kwa 128, tunauza kwa 131. Hakuna mtu mjini anayehitaji kozi ya shilingi elfu kumi ili aelewe kwamba hizo shilingi tatu katikati ndizo chakula cha mwenye duka. Ukiingia na dola 100, ukazigeuza kuwa shilingi, kisha ukageuka mlangoni na kuzinunua tena, umemwachia shilingi 300 na hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo spredi. Lakini ikifika kwenye simu inaitwa kwa Kiingereza, inahesabiwa kwa vipande vya senti, na juu yake wanaandika "biashara bila komisheni". Mwenye duka la Moi Avenue hajawahi kuwa na ujasiri huo!

Na hata zile bei mbili zenyewe zimetafsiriwa kinyume. Nimeona kurasa za Kiswahili zinazosema bidi ni "bei ya kununua". Ya nani kununua? Ni ya broka! Yeye ndiye anayenunua. Wewe hapo unauza. Anayeanza anasoma "bei ya kununua", anabonyeza akidhani ni yake, kisha anashangaa mbona ameanza na hasara. Ingeandikwa "bei utakayouzia" na "bei utakayonunulia", pangekuwa na nini cha kufunzwa?

Pipi sasa. Waswahili tumechekeshwa hapa bila kukusudiwa, maana pipi kwetu ni peremende. Kijana anakwambia leo amepata pipi thelathini na unaona mate yanamtoka. Pipi ya foreksi ni tarakimu ya nne baada ya nukta katika bei nyingi (kwa yeni ya Japani ni ya pili). Euro ikitoka dola 1.1000 hadi 1.1001, hiyo ni pipi moja. Ni chembe. Ndio uzuri wa kuhesabu kwa pipi: hasara ya "pipi kumi na tano" haisikiki kama hasara. Mtu angeambiwa "umepoteza nusu ya mkopo wako wa chama" angeketi chini.

Ili pipi iwe na uzito lazima uijue loti. Loti moja kamili ni vipimo 100,000 vya fedha ya kwanza katika jozi, yaani kwa euro na dola ni euro 100,000. Kuna ndogo ya 10,000 na nyingine ya 1,000. Katika loti kamili kila pipi ni dola 10. Sasa jiulize, mtu mwenye dola 300 anafikaje kwenye euro 100,000? Anafikishwa na neno ambalo kwangu mimi ndilo baba wa uongo wote: leveraji.

Mpwa wangu alinieleza leveraji hivi karibuni, tukiwa kwa dada yangu, kwa sauti ya mtu anayemfunza mzee kutumia simu.

"Mjomba, leveraji ni broka anakuongezea mtaji."

"Anakuongezea kiasi gani?"

"Mara mia nne."

"Na hasara ikiingia ni ya nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ni yangu."

"Yote?"

"Yote, mjomba."

"Sasa hapo amekuongezea nini?"

Alikuwa amekuja kuniomba roboti ya kurudisha alizopoteza. Akaunti yake ilidumu siku nne. Pesa hazikuwa zake hata. Zilikuwa mkopo ambao mamake alichukua kwenye chama, shilingi 39,000, na dada yangu bado anazilipa kila mwezi kwa wanawake wenzake ambao hawajui pipi wala loti. Tulikaa mezani tukapiga hesabu pamoja, na nitaiweka hapa ili nanyi mpige na vijana wenu.

Chukua dola kwa shilingi 130. Shilingi 39,000 ni dola 300. Tuseme euro ni dola 1.1000. Loti moja ni dola 110,000. Ukigawa kwa 400 unapata 275. Hizo dola 275 zinafungiwa kama dhamana, ndiyo wanayoiita majini, na kweli pesa zako ziko majini. Unabaki na dola 25 za kupumua. Unabonyeza kununua. Spredi ikiwa ni pipi moja na nusu, dola 15 zimekwenda kabla hujatoa kidole kwenye skrini: shilingi 1,950, asilimia tano ya mkopo wa chama. Sasa una dola 10 za kupumua. Bei ikishuka pipi moja tu, ile peremende moja, dola 10 hizo zimekwisha na umefika kiwango cha kuonywa kwamba dhamana haitoshi. Mabroka wengi hukufungia biashara kwa nguvu pesa zako zikishuka hadi nusu ya dhamana, yaani dola 137 na senti 50. Ni pipi 16 na robo tangu mwanzo, spredi ikiwemo. Euro na dola huweza kutembea hatua kama hiyo mara kadhaa katika siku ya kawaida, bila habari yoyote, kabla ya chakula cha mchana. Umebaki na shilingi 17,875. Shilingi 21,125 zimekwenda, na kwa lugha ya faharasa "ulipoteza pipi 16".

Mtasema hakuna aliyemlazimisha kufungua loti nzima. Kweli. Lakini nani alimpa uwezo huo, na kwa nini unatangazwa kama zawadi? Kiswahili kina neno zuri hapa na tulifunzwa katika somo la sayansi shule ya msingi: wenzo. Toroli ni wenzo, mkasi ni wenzo. Kila mtoto aliyewahi kucheza bembea ya ubao anajua wenzo una pande mbili. Hakuna mwalimu aliyetwambia toroli "inakuongezea misuli".

Serikali nyingine zimeliona jambo hili zamani. Marekani tangu 2010 mteja wa kawaida haruhusiwi kuzidi mara 50 kwa fedha kubwa. Japani ikaweka 25 mwaka 2011. Jumuiya ya Ulaya ikaweka 30 mwezi wa Agosti 2018, na mamlaka yao ilieleza sababu bila kupakapaka rangi: kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya aina hii hupoteza pesa. Hapa kwetu mabroka wenye leseni wamekuwa wakitangaza mara 400. Wasio na leseni wanatangaza 1000 na zaidi, kwa sababu namba ni maandishi tu. Mimi ningeweza kuandika 5000 kwenye programu sasa hivi. Ni kubadilisha tarakimu moja.

Kwa kuwa nimetaja programu, niseme kidogo la kazi yangu. Wengi wenu mnatumia MetaTrader 4, ya tangu 2005. Ina lugha yake, MQL4, na ndani ya lugha hiyo AccountBalance na AccountEquity ni amri mbili tofauti. Ya kwanza inatoa pesa zilizokuwapo kabla ya kuhesabu biashara ambazo bado ziko wazi. Ya pili inatoa ulichonacho kweli, faida na hasara zote zikiwa ndani. Sasa tazama picha za skrini ambazo walimu wa foreksi hutumiana. Wanaonyesha ipi? Ya kwanza, kila mara. Mtu anaweza kuwa na salio la dola 10,000 zinazometameta huku biashara zilizo wazi zimeshakula 9,000. Hajasema uongo, ametumia neno halisi la kitaalamu. Ukiniuliza mimi, la kwanza ni "salio la jana" na la pili ni "salio la sasa", na picha hizo hazingemdanganya hata mtoto.

Kikomo cha hasara nacho kinasifiwa kama ukuta. Unaiambia programu: bei ikifika hapa, nitoe. Kinachotokea hasa ni kwamba bei ikifika pale, agizo lako linageuka kuwa "nitoe kwa bei yoyote iliyopo". Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, kiwango ilichokuwa imekitetea tangu Septemba 2011. Katika dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Waliokuwa wameweka vikomo karibu na 1.20 walitolewa huko chini kabisa, maana katikati hapakuwa na mnunuzi. Wengine waliamka wakiwa wanadaiwa na broka kuliko walivyoweka. Alpari ya Uingereza ilifilisika. FXCM ya Marekani ilisema wateja wake walikuwa wamezama kwa takriban dola milioni 225, ikabidi ikopeshwe milioni 300 ili isimame. Hata siku za amani, spredi hupanuka habari za ajira za Marekani zinapotoka, saa tisa unusu au saa kumi unusu alasiri kwa saa zetu kulingana na msimu wao, na kikomo chako hupita palepale.

Swopu nitaipitia haraka: ni riba ya kulala na biashara wazi. Usiku wa Jumatano kwa jozi nyingi hukatwa mara tatu, kwa kuwa malipo ya soko hili hukamilishwa baada ya siku mbili za kazi na wikendi lazima ihesabiwe mahali fulani. Mabroka wanajua kwamba ndugu zetu wa Mombasa na Lamu hawataki riba, kwa hiyo wana "akaunti ya Kiislamu" isiyo na swopu. Muulize wako kama spredi ya akaunti hiyo ni ileile, au kama kuna "ada ya utawala" baada ya siku kadhaa. Nyingine ni riba iliyovaa kanzu.

Nimeliacha la mwisho neno broka lenyewe. Kwa Kiswahili ni dalali, na dalali tunamjua: kuna muuzaji, kuna mnunuzi, yeye yuko katikati anakula kidogo chake. Wengi wanaoweka pesa wanaamini hivyo. Lakini sehemu kubwa ya hawa hawako katikati. Wako upande wa pili wa meza. Ukinunua, wao ndio wameuza. Ukipoteza dola 162, ni wao walioipata. Sio siri wala sio kosa la jinai. Kanuni zetu wenyewe za foreksi ya mtandaoni za 2017, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, zinatambua aina mbili za broka: anayeruhusiwa kuwa upande wa pili wa biashara ya mteja, na asiyeruhusiwa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko pipi na loti zote duniani, na ndiyo iliyofichwa nyuma ya neno moja la Kiingereza, "dealing", ambalo kwa mtu wa kawaida halina maana yoyote.

Na jina zuri peke yake halitoshi. FXCM hiyo hiyo ilikuwa ikijitangaza kwa Wamarekani kwamba haina meza ya kufanya biashara dhidi ya wateja. Februari 2017 wasimamizi wa Marekani walisema ilikuwa na maslahi yaliyofichwa katika kampuni iliyokuwa ikichukua upande wa pili wa biashara za wateja hao. Ikatozwa faini ya dola milioni 7 na kuondoka katika soko la Marekani. Wateja wake walikuwa wanazungumza Kiingereza tangu kuzaliwa, msamiati wote walikuwa nao.

Mwalimu wako je? Anakula wapi? Wengi ni mawakala wa broka: wanalipwa kiasi fulani kwa kila loti unayofungua, ushinde ushindwe. Ndiyo maana ishara zake ni za bure. Ndiyo maana anakwambia ufungue biashara nyingi kwa siku, na anakuita "familia". Simlaumu kwa kutafuta riziki. Namlaumu kwa kuwa katika faharasa yake ya maneno sabini, "wakala" halimo.

Kuna rafiki yangu, mtu wa benki, aliyeniambia napiga kelele bure: maneno haya ni ya kimataifa, Kiswahili hakina msamiati wa fedha, na anayetaka kucheza na dola ajue Kiingereza. Nimemjibu na ninarudia hapa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, majedwali na fomula zikiwemo. Kabla yake tuliambiwa maneno yale yale. Na kwa fedha hatuhitaji hata kubuni: dhamana, rehani, riba, dalali, wakala, amana, tulikuwa nayo Pwani kabla Nairobi haijawa na reli. Shida ni kwamba maneno hayo yana kumbukumbu. Ukimwambia mama wa chama "weka rehani ya 39,000 kwa dalali ambaye atafaidika ukishindwa", hataweka. Ukimwambia "fungua akaunti yenye leveraji", labda ataweka.

Ninachotaka ni kidogo. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Basi kila broka mwenye leseni Kenya alazimishwe kuweka katika ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili kinachosomeka na kwa herufi kubwa kama zile za bonasi, mambo matatu: asilimia ya wateja wake waliopoteza pesa, kama wanavyofanya Ulaya, kama yeye yuko upande wa pili wa biashara yangu au la, na anamlipa nani kwa kunileta. Mikataba yao nayo ipatikane kwa Kiswahili, na ile ya Kiswahili iwe na nguvu mahakamani, sio mapambo.

Hadi hapo, nikiombwa roboti nitakuwa na sharti. Nieleze biashara unayotaka ifanye kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutumia neno hata moja la faharasa: unampa nani pesa, anazishika kama nini, nani analipwa ukibonyeza, nani anapata ukikosa. Mpwa wangu alijaribu Jumapili iliyopita. Alifika "nani analipwa ukibonyeza", akaniomba nimpitishie chai.